Nani aliwaambia miaka 7? Barua ya wazi kwa wakurugenzi na wajumbe wa bodi

Waheshimiwa wakurugenzi, wajumbe wa bodi, na ninyi mameneja wa miradi ambao saini zenu zimo kwenye kila boksi ninalopokea,

Mradi ukiisha, ninyi mnapiga picha ya pamoja, mnakabidhiana vyeti, na kesho yake mnaanza andiko la mradi mwingine. Mimi kesho yake napokea maboksi. Nimefanya kazi ya masjala katika mashirika kadhaa, na kila nilikokwenda nimeyakuta yaleyale: mengine yamefungwa kwa kamba, mengine kwa gundi iliyokwisha kubanduka, na walau matatu yameandikwa kwa kalamu nene neno moja tu, "Mbalimbali".

Kilichonisukuma kuandika ni kikao. Nimekishuhudia mara nyingi, nimekaa pembeni ya meza naandika kumbukumbu, na kila mara kinakwenda vilevile. Ajenda ni ndefu, watu wameanza kutazama saa. Kabla ya "mengineyo" kuna kipengele: muda wa kutunza nyaraka za miradi. Mjumbe mmoja anauliza wenzetu wanaweka miaka mingapi. Mwingine anajibu, 7. Wa tatu anaunga mkono. Mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye la ziada, kimya, tunaendelea. Dakika 4. Siku hiyohiyo dakika 40 zimekwenda kwenye rangi ya jalada la taarifa ya mwaka.

Sina ugomvi na 7. Ninachougulia ni kwamba hakuna aliyeuliza: 7 kuanzia lini? Tangu karatasi ilipoandikwa? Tangu mradi ulipofungwa? Tangu mfadhili alipotoa malipo ya mwisho? Au tangu kile kilichojengwa kilipobomolewa? Kwa mradi mmoja wa ujenzi majibu hayo 4 yanaweza kupishana kwa nusu karne, na kila moja mtu akaliita "miaka 7" bila kusema uongo.

Namba yenyewe haikushuka kutoka mbinguni. Mzizi wake mmoja ni sheria za ukomo wa madai. Ile ya Uingereza ya mwaka 1980, kwa mfano, humpa mtu miaka 6 ya kushtaki mkataba wa kawaida ukivunjwa, na miaka 12 kama mkataba ulifungwa kwa hati rasmi. Watu wakachukua 6, wakaongeza 1 wa tahadhari, namba ikaanza kusafiri. Imefika mezani kwenu imeiacha sheria iliyoizaa njiani, na pengine sheria ya nchi mnakofanyia kazi inasema jambo jingine kabisa. Mmeuliza?

Wafadhili nao wana namba zao. Serikali ya shirikisho ya Marekani kwa kawaida hutaka nyaraka za ruzuku zake zitunzwe miaka 3 tangu taarifa ya mwisho ya fedha iwasilishwe. Umoja wa Ulaya, kwenye ruzuku za utafiti za Horizon Europe, kwa kawaida hutaka miaka 5 baada ya malipo ya mwisho. Ni masharti halali na lazima yafuatwe. Lakini tazameni saa zote mbili zinaanzia wapi: kwenye hela. Mfadhili anataka kujua kama fedha yake ilitumika ilivyokubaliwa. Akishakagua akaridhika, karatasi hazina kazi kwake. Jengo lililobaki, kisima kilichochimbwa, watu waliopimwa damu zao, hivyo vimebaki mikononi mwenu.

Ombi langu lote liko hapo. Umri wa waraka usipimwe kwa kutazama hela wala kwa kutazama karatasi. Tazameni kitu ambacho waraka unakieleza. Maadamu kitu hicho bado kinaweza kumdhuru mtu, kumdai mtu au kumtetea mtu, waraka wake uko hai, hata kama mradi ulizikwa zamani na jina lake hakuna anayelikumbuka.

Niwaeleze niliyoyaona kwa macho yangu. Shirika moja nililolitumikia lilijenga jengo la huduma na kulikabidhi vizuri. Miaka 11 baadaye maji yakaanza kuchuruzika ukutani. Fundi bomba akaja masjala na ombi dogo: mchoro unaoonyesha bomba limepita wapi. Si ule wa zabuni, alinisisitizia. Ule wa mwisho, uliochorwa kazi ilipokamilika. "Wakifika saiti," akaniambia, "karatasi inabaki ilivyo, bomba ndilo linalohama." Nikafungua rejista. Mchoro ulikuwa umeteketezwa miaka 4 nyuma, tena kwa utaratibu usio na doa: fomu imejazwa, saini 3, muhuri. Ulikuwa umewekwa ndani ya jalada la zabuni, na jalada la zabuni umri wake ulikuwa miaka 7. Fundi akachukua tindo na nyundo. Alivunja sakafu za vyumba 3 kabla ya kulikuta bomba chumba cha nne.

Kinachoniuma zaidi ni rafu ya juu ya stoo ileile. Kulikuwa na maboksi 14 ya barua za mwaliko wa semina, nakala za ratiba za semina hizo, na fomu za kuomba kalamu na madaftari. Yalikuwa na zaidi ya miaka 20. Hakuna aliyethubutu kuyagusa, kwa kuwa mtu fulani, zamani, aliyaandika "Muhimu".

Msije mkasema namlaumu aliyesaini fomu. Alifuata ratiba, ile orodha inayosema kila jalada litunzwe miaka mingapi. Ratiba ndiyo iliyolipangia umri jalada zima, na jalada la mradi ni gunia: mna mkataba ndani yake, michoro, hati za malipo, vipimo vya udongo, picha, nakala 6 za taarifa moja, na barua za "rejea barua yako ya tarehe tajwa". Kila kimoja kina siku yake ya kufa. Anayeshindwa kuvitenganisha siku ya kufungua jalada hatavitenganisha siku ya kulichoma.

Wenye miradi ya ujenzi wana sababu ya ziada ya kukosa usingizi, maana sheria inaweza kurudi nyuma ikawakuta. Moto wa jengo la Grenfell Tower mjini London, tarehe 14 Juni 2017, uliua watu 72. Miaka 5 baadaye Uingereza ilipitisha Sheria ya Usalama wa Majengo ya 2022, na kwa makazi yaliyokamilika kabla ya tarehe 28 Juni 2022, muda wa kudai kwa sababu ya kazi mbovu ukarefushwa kutoka miaka 6 hadi 30. Mkandarasi aliyemaliza jengo mwaka 1995 alilala salama, akaamka anaweza kuitwa mahakamani. Kama bado ana vyeti vya vifaa, barua za kuidhinisha mabadiliko na taarifa za ukaguzi, ana pa kushika. Kama alivichoma mwaka 2002 kwa sababu kikao kilisema 7, amebaki na watu waliostaafu wanaojaribu kukumbuka.

Kwenye afya nako namba ni nyingine kabisa. Ugonjwa unaoletwa na vumbi la asbesto unaweza kujitokeza miongo kadhaa baada ya mtu kulivuta, ndiyo maana kanuni za Uingereza za mwaka 2012 zinataka rekodi za afya za waliofanya kazi na asbesto zitunzwe miaka 40. Majaribio ya dawa katika Umoja wa Ulaya, jalada kuu la jaribio hutunzwa angalau miaka 25 baada ya jaribio kuisha. Aliyeweka namba hizo aliuliza kwanza mwili wa binadamu unachukua muda gani kudai haki yake.

Sasa nije kwenye waraka ambao mara nyingi hauna sheria inayoudai wala mfadhili anayeuulizia, nao ndio ninaoulilia kuliko yote: ule unaosema jambo lilifanywaje, na kwa nini likafanywa hivyo na si vinginevyo.

Kati ya mwaka 1975 na 1989 Marekani ilitengeneza kitu cha siri kiitwacho Fogbank, sehemu ya silaha zake za nyuklia. Kiwanda kikafungwa. Walipokihitaji tena ili kurefusha maisha ya silaha aina ya W76, wakakwama. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao, GAO, ilieleza mwaka 2009 kwamba kumbukumbu za namna ya kukitengeneza zilizotunzwa zilikuwa chache, na karibu wajuzi wote walikuwa wamestaafu au kuondoka. Makumi ya mamilioni ya dola yakaenda kutafuta walichokuwa wakikijua. Na hata walipofuata hatua za zamani, kitu hakikutoka sawa. Mwishowe ikabainika kwamba malighafi ya zamani ilikuwa na uchafu fulani, na uchafu huo ndio uliokuwa ukifanya kazi. Mitambo mipya ilikuwa inausafisha. Waliokitengeneza mwanzo wenyewe hawakuwa na habari.

Sisi hatuundi mabomu, alhamdulillahi. Lakini kila mradi una uchafu wake uliofanya kazi. Kisima kilisogezwa mita 60 kwa sababu mzee mmoja alisema pale pa kwanza hukauka kila kiangazi. Dodoso likaondolewa swali la 9 kwa sababu watu walikuwa wakilicheka. Maamuzi kama hayo hufanywa kwa simu, au mmesimama kando ya gari, na yakiandikwa huandikwa kwenye daftari la mhandisi. Daftari halina namba ya jalada. Mhandisi akipata kazi kwingine, daftari linaondoka naye, na ninyi mnabaki na hati za malipo ya mafuta ya lile gari, zimepangwa kwa tarehe, hakuna hata moja iliyopotea.

Nawasikia mnasema: basi tutunze vyote, siku hizi diski ni rahisi. Hapana. Taasisi ya kumbukumbu za taifa ya Marekani inasema ni asilimia 1 hadi 3 tu ya kumbukumbu za serikali yao ya shirikisho zinazostahili kutunzwa milele. Zilizobaki zote zinahitaji mtu wa kuamua zife lini, na anayesema "tunza vyote" amekataa kuamua, basi. Amemwachia kazi hiyo panya, mvua na mtu atakayekuja kutafuta waraka mmoja katikati ya laki.

Tena kuna nyaraka ambazo kuzitunza ndilo kosa. Siku moja nilikuta boksi linatumika kuzuia mlango wa stoo usijifunge. Nikalifungua: orodha za walengwa, majina kamili, umri, idadi ya watoto, hali ya afya, na pembeni alama ya dole gumba ya kila mmoja. Mradi ulikuwa umefungwa miaka 9. Nikamuuliza meneja kwa nini bado tunazo. "Huenda zikahitajika." Nani atazihitaji, kwa kazi gani, hakujua. Watu wale walitupa siri zao ili wapate huduma. Huduma waliipata, au hawakuipata, na siri zao zikawa kizuizi cha mlango. Kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inakataza taarifa za kumtambulisha mtu kutunzwa kupita muda unaohitajika kwa lengo zilikokusanyiwa, na nchi nyingi nje ya Ulaya zina sheria zinazosema hivyohivyo. Hesabu zinaweza kubaki: wangapi walihudumiwa, wa umri gani, kwa matokeo gani. Majina na madole gumba yaondoke kwa tarehe iliyoandikwa tangu mwanzo, tena ikiwezekana tarehe ambayo wenyewe waliambiwa siku walipochovya kidole kwenye wino.

Kuhusu kuteketeza, jambo moja tu, lakini mlishike sana. Ratiba ifanye kazi wakati wa utulivu. Mwaka 2001 kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Arthur Andersen ilikuwa na sera yake ya nyaraka, na wafanyakazi wakakumbushwa kuifuata wakati uchunguzi wa mteja wao, kampuni ya nishati ya Enron, ukikaribia. Karatasi zikachanwa kwa wingi. Mwaka 2002 kampuni ikatiwa hatiani. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta hukumu hiyo, lakini kampuni ilikuwa imekwisha kusambaratika. Sera haikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa kukumbukwa kwake siku ile. Kwa hiyo ratiba yenu iwe na kifungu cha kusimamisha: likizuka dai, ukaguzi au hata fununu ya kesi, uteketezaji wa kila kinachohusika unasimama mpaka mwanasheria aseme kwa maandishi. Na ajulikane nani mwenye mamlaka ya kusema "simama", kwa sababu saa 10 jioni siku ya Ijumaa, mashine ya kuchana karatasi ikinguruma, hakuna wa kumpigia.

Kuna pia hii ya kuandika "miaka 10" kwenye karatasi isiyoweza kuishi miaka 3. Risiti za mashine hazina wino. Ni karatasi iliyounguzwa kwa joto, na joto na mwanga huzifuta. Niliwahi kusimama karibu na mkaguzi alipofungua hati ya malipo ya miaka 4. Risiti 11 zilikuwa zimebandikwa kwa usafi wa kupendeza, kila moja na namba yake, zote nyeupe. Aliiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akaigeuza tena. Kisha akaandika: "Viambatisho havipo." Vilikuwepo, mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo mimi hupiga picha risiti wiki ileile inapoingia, na hakuna aliyeniagiza.

Kwenye kompyuta mambo ni yaleyale, ila panya hawaonekani. Mwaka 1986 shirika la BBC lilikusanya picha na maandishi ya maelfu ya Waingereza kwenye diski za leza, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha sensa ya ardhi cha mwaka 1086. Haikupita miaka 20, vifaa vya kuzisoma diski zile vikawa adimu na wataalamu wakalazimika kuhangaika kuyaokoa yaliyomo. Kitabu cha 1086 kinasomeka hadi leo. Ninyi bajeti zenu ziko kwenye faili linaloitwa "Bajeti_mwisho", jirani yake "Bajeti_mwisho_kabisa", na jirani yake "Bajeti_mwisho_kabisa_hii_ndiyo", na lile la kweli linafunguka kwa nywila ya mhasibu aliyeacha kazi.

Ninachotaka kwenu si kikubwa. Siku mnapoidhinisha mpango wa mradi, mpango uwe na ukurasa mmoja wa nyaraka. Muandike aina ya waraka, tukio litakaloanzisha saa, miaka, na cheo cha mtu atakayeamua mwisho wake. Cheo, jamani, si jina, majina huhama. Mbele ya michoro ya mwisho ya ujenzi andikeni "maisha yote ya jengo, na muda wa madai baada ya kubomolewa". Mbele ya barua za mwaliko andikeni "mwaka 1", mkiona huruma andikeni 2. Pale sheria na mfadhili wanapotofautiana, chukueni muda mrefu zaidi, isipokuwa kwa taarifa za watu binafsi, ambako kila mwezi wa nyongeza lazima uwe na sababu iliyoandikwa. Mpango ukibadilika katikati ya mradi, na ukurasa huu ubadilike.

Halafu muweke fedha. Hapa ndipo wengi mnaponikimbia. Mradi unafungwa Desemba, bajeti inafungwa Desemba, na maboksi yanatakiwa kuishi miaka 30 kwa hela ya nani? Gharama ya rafu, ya kunakili mafaili kwenda mfumo mpya kila baada ya miaka michache, ya mtu wa kufungua mlango, iwekwe kwenye andiko tangu siku ya kwanza, mstari wake wenyewe, mfadhili auone na aukatae kwa maandishi kama atathubutu. Na kama shirika lenyewe ni la muda, la kuundwa kwa ajili ya mradi mmoja, semeni mapema nani atarithi. Nimeona nyaraka zikikabidhiwa kwa mlinzi.

Rasimu ya ukurasa huo ninayo. Nimeiandika jioni baada ya kazi, kwa miradi 6 iliyofungwa, aina moja ya waraka baada ya nyingine, na nafasi ya saini nimeiacha wazi kwa sababu si yangu. Wiki iliyopita nilifungua boksi la kwanza kati ya yale ya "Mbalimbali". Juu kulikuwa na kadi za mwaliko. Chini yake mkataba halisi wa mradi ambao bado una kesi. Chini kabisa, limekunjwa mara 4, karatasi kubwa lenye mistari ya buluu inayoonyesha mabomba. Nimelinyoosha na kuliweka chini ya vitabu vizito. Mengine 2 sijayagusa. Nasubiri kikao chenu.

Wenu mtiifu,
Mtunza kumbukumbu